Ukuta Kwanza, Spika Baadaye: Kwa Wanaoanza Kuchora Michoro Yenye Muziki

Karibu wote wanaokuja kujifunza kazi hii ya kuchora ukutani michoro inayotoa muziki hapa Unguja huanza kwa kuuliza habari za spika na programu, ilhali swali la mwanzo lingekuwa ukuta ni wa namna gani. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hunyonya maji ardhini na kuyatoa hewani. Ukizipaka rangi ya plastiki, maji hukosa pa kutokea, na mchoro hubanduka pamoja na lipu yake. Isitoshe, mji huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na hauchorwi pasipo idhini. Mwanafunzi wangu huanzia Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, kwenye kuta za matofali ya saruji, baada ya kuzungumza na mwenye nyumba na sheha, yaani kiongozi wa mtaa.

Kosa langu kubwa lilitokana na unyevu. Nilichora kanuni, ile ala ya taarab yenye nyuzi nyingi, nikazipaka nyuzi zake rangi yenye unga wa kaboni ili anayezigusa asikie sauti kutoka kwenye spika iliyofichwa nyuma ya dirisha bovu. Mtambo wa aina hii haukijui kidole. Hupima tu jinsi chaji ya umeme inavyobadilika kitu chenye maji kinapoikaribia rangi. Niliupima mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma na ukuta ukiwa mkavu. Masika yalipoingia, ukuta wenye chumvi ukanywa maji, kanuni ikaanza kujipiga yenyewe saa nane za usiku, na bibi wa nyumba ya pili akataka ukuta mzima usomewe dua. Alikuwa na haki ya kukasirika.

Tangu hapo rangi ya kaboni naipaka juu ya plaiwudi iliyopigwa vanishi, iliyoachwa nafasi ya vidole viwili kutoka ukutani ili upepo upite, na mtambo naupima upya kila msimu. Penye unyevu mwingi zaidi natumia kisahani cha piezo, ambacho hutoa umeme kidogo kinapogongwa, mradi viungo vya waya vimezibwa vyema. Msimbo wa QR, ambao mpita njia huusoma kwa simu ili asikie muziki, ni rahisi kuliko vyote, lakini usiuchore kwa buluu juu ya buluu kwa kutafuta uzuri, kwani simu hazitausoma.

Kuhusu muziki wenyewe, wengi hukimbilia santuri za zamani, hasa za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyerekodi Bombay mwaka 1928. Mimi siwashauri, kwa sababu mkwaruzo wa santuri huzidi sauti ya mwimbaji katika spika ndogo, na hata rekodi mpya haitumiwi bila ruhusa ya mwenyewe. Rekodi mtaa ule ule unaouchora: vikombe vya muuza kahawa vikigonganishwa, au mpiga kanuni akifanya mazoezi, ukiwa umemwomba na kumlipa. Sauti nyembamba kama hizo hutoka safi, ilhali besi hupotea.

Sauti iwe ndogo, imfikie aliyesimama ukutani tu, na programu ifuate nyakati za sala, ambazo husogea siku hadi siku, ili muziki unyamaze kabla ya adhana. Swichi ya kuzimia iwe mahali ambapo jirani anaifikia bila kukupigia simu. Ya ile kanuni imo sebuleni mwa yule bibi.