Walimu wapya wa Kiingereza huku Kusini, tuongee kuhusu "explain me"

Wadogo zangu mlioripoti juzi, karibuni Mtwara na Lindi, na nyie mnaokuja BTP (mazoezi ya kufundisha) karibuni pia. Mimi ni mkuu wa idara ya Kiingereza na kila ajira mpya zikitoka nakuta kosa lile lile kwenye madaftari mliyosahihisha, kwahiyo leo naliandika lote hapa nisije nikamwita mmoja mmoja ofisini. Ni habari ya vitenzi vinavyobeba yambwa mbili, yaani mtu anayepokea na kitu chenyewe, give, send, show, buy na wenzake. Mmevisoma chuo, mnavifundisha kipindi kimoja, mnachora jedwali ubaoni mnatoka. Alafu mtoto wa form three anasimama, "Sir, explain me question two", darasa zima linaona sawa na wewe unamjibu tu!

1. Jua mtoto anatokea wapi. Kiswahili kina kauli ya kutendea, ukishaongeza ile -ia au -ea karibu kitenzi chochote kinapokea mtu: nielezee, nipendekezee, nitambulishie, nifungulie. Na huyo mtoto kabla ya Kiswahili ameshasikia Kimakonde au Kimwera au Kiyao nyumbani, na zote hizo zinafanya hivyo hivyo. Kwahiyo akisema "explain me" sio mzembe, anafuata sheria anayoijua tangu hajaota meno, msimcheke. Kazi yako ni kumuonyesha kwamba Kiingereza hakina hiyo -ia, kila kitenzi kinaamua chenyewe. Give, lend, show, tell, teach, offer vinakubali mtu akae hapo hapo mbele ya kitu. Explain, describe, suggest, announce, introduce, donate vinakataa, mtu anakuja mwisho na "to" yake, "explain question two to me". Wakiuliza kwa nini (na watauliza, watoto wa huku wanauliza) waambieni vingi vinavyokataa ni vya asili ya Kilatini, viliingia kupitia Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza 1066 na vingine wasomi walivichukua baadae, wakati vinavyokubali vingi ni vya Waingereza wenyewe, vifupi vya silabi moja. Ila msiifanye sheria ya chuma. Promise na assign ni wageni na vinakubali, say ni mwenyeji kabisa na anakataa, hakuna "say me". Whisper na shout pia vinakataa. Fundisheni kwa makundi, mtoto akutane na kitenzi ndani ya sentensi mara nyingi.

2. Hii ndio iliyonifanya niandike. Acheni kuwaambia watoto kwamba kila sentensi ya yambwa mbili inageuzwa kwa kuweka "to".

Kuna mwalimu mpya, kijana mwenye bidii kweli, andalio la somo limenyooka, hakosi kipindi. Alitoa zoezi la kugeuza sentensi kwa form two. Moja ilikuwa "Mother cooked us cassava", majibu yake yeye ni "Mother cooked cassava to us". Nyingine "The uniform cost my father 20,000 shillings", na hapo alitaka "The uniform cost 20,000 shillings to my father". Binti mmoja akaandika "cooked cassava for us", na kwenye ile ya uniform akaiacha ilivyo, pembeni akaandika "cannot change". Akapigwa mikasi miwili ya wino mwekundu, akaambiwa aandike masahihisho. Yaani mtoto yuko sahihi kote kuwili, mwalimu ndio amekosea, na darasa zima likanakili makosa kwenye madaftari.

Nililiona wakati wa kukagua, na kilichoniuma sio zile alama. Nilifungua kurasa zilizofuata za yule binti nikakuta ameanza kuweka "to" kila mahali, "bought a khanga to my grandmother", "made a chair to me", vitu ambavyo mwanzo wa muhula alikuwa anavipatia. Sikio lake lilikuwa zuri, tumelifundisha lisijiamini. Kurudisha sikio la namna hiyo ni kazi ya muda mrefu, tena hata ukimwambia yuko sawa anakuangalia kama unamtega. Nikakaa na yule kijana, akanionyesha notsi zake, na kweli ndivyo alivyopewa. Nampongeza hapa bila kumtaja, kesho yake alirudi darasani akasema jana niliwasahihisha vibaya, leteni madaftari. Watoto walimpigia makofi, na sasa hivi binti ndio anayemuuliza maswali kuliko wote.

Sasa shikeni hivi. "To" ni pale kitu kinapomfikia mtu: give, send, lend, pay, hand. "For" ni pale unapomfanyia mtu kazi kwa faida yake: buy, cook, make, find, fetch. Mtoto wetu hawezi kusikia tofauti hiyo kwa sababu kwake pelekea na pikia zina mkia ule ule. Na kuna kundi halibadiliki kabisa: cost, fine, bet, envy. "The police fined him 30,000 shillings" inabaki hivyo hivyo, hakuna kugeuza.

3. "Borrow me your pen" nayo ni kosa, ni "lend me": kuazima kwetu kunaenda pande zote mbili, lend na borrow zifundisheni siku moja.

4. Mnauliza kama "gave him the money" na "gave the money to him" zote ni sahihi mtoto aandike ipi. Hili limefanyiwa utafiti, mwanaisimu Joan Bresnan na wenzake mwaka 2007 walichambua mazungumzo ya simu ya Wamarekani yaliyorekodiwa wakakuta watu hawachagui ovyo. Kiwakilishi, kitu kifupi na kitu kilichokwisha tajwa huwa kinatangulia, kirefu na kipya kinasukumwa mwisho. Ndio maana "I gave him the money" inatiririka, lakini ukiwa na wakulima wa korosho waliopeleka mzigo AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) tangu Oktoba unaandika "They gave the money to the farmers who had been waiting since October". Jaribuni kuweka hao wakulima katikati uone pumzi inavyokata. Wapeni watoto sentensi za mnada wa korosho, wanazielewa kuliko za theluji za kwenye vitabu. Na ikiwa vyote viwili ni viwakilishi waandike "give it to me". Waingereza wengine wanasema "give it me", mkiisikia msishtuke ila msiifundishe.

5. Passive, kauli ya kutendwa. "I was given a book" ni sahihi, jamani, msiikate! "A book was given to me" nayo sahihi. Isiyokuwepo ni "I was explained the question", hapo ni "The question was explained to me".

6. Mpokeaji awe na uwezo wa kupokea. "I sent my uncle a parcel" sawa, "I sent Lindi a parcel" haikai kama Lindi ni mahali tu, "I sent the Lindi office a parcel" inakaa kwa sababu ofisini kuna watu.

7. Na mtoto akiandika "Text me your number" au "WhatsApp me the notes" msiweke mkasi. Vitenzi vipya vya kutuma ujumbe vinaingia vyenyewe kwenye kundi la send, hiyo ni Kiingereza halali, mimi huwa naanza nayo somo zima.