Makaa ya Mawe au Maji?

SWALI: Mhariri, mwanangu wa kidato cha tatu amefundishwa kwamba makaa ya mawe ndiyo yaliyowezesha Mapinduzi ya Viwanda nchini Uingereza. Daftari lake hilohilo linasema kiwanda cha pamba cha Richard Arkwright kiliendeshwa kwa nguvu ya maji. Tushike lipi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Shikeni yote mawili, kwa kuwa maji na makaa yalianza kwa kazi tofauti. Kiwanda alichokianzisha Arkwright huko Cromford mwaka 1771 kilisokota nyuzi kwa mashine zilizozungushwa na gurudumu la maji, na wengi waliomwiga walitafuta kwanza mto wenye mteremko, hata kama uko bondeni kusikokaa watu na itawalazimu kuwajengea wafanyakazi nyumba.

Wakati huo makaa ya mawe yalikuwa na shughuli nyingine. Kwa karne nyingi chuma kilikuwa kikiyeyushwa kwa mkaa wa miti, ambao ulikuwa ghali, na Uingereza iliagiza chuma kingi kutoka Sweden. Makaa ya mawe yalikuwepo tele, lakini salfa iliyomo hukifanya chuma kiwe chepesi kuvunjika. Mwaka 1709, huko Coalbrookdale, Abraham Darby alifanikiwa kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza kwa hewa kidogo ili uchafu huo utoke. Aliyewahi kuona tanuri la mkaa likifuka moshi chini ya udongo hahitaji maelezo zaidi.

Jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote lilitokea migodini. Kadiri wachimbaji walivyoshuka, ndivyo maji yalivyojaa mashimoni, na mashine ya mvuke ya Thomas Newcomen, iliyofungwa karibu na Dudley mwaka 1712, ilikuwa pampu ya kuyatoa. Ilikuwa na ulafi mno wa makaa, kiasi kwamba kwingine isingelipa. Lakini pale mgodini chenga zisizouzika zilipatikana karibu bure, kwa hiyo mashine mbovu ilipata miaka mingi ya kutumika na kurekebishwa. James Watt, aliyepata hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya mashine yake ya mvuke mwaka 1769, aliupunguza sana ulafi huo, na katika miaka ya 1780 mashine zake zikaanza kuzungusha magurudumu. Hapo kiwanda cha pamba kiliweza kuuacha mto na kuhamia mji kama Manchester, ambako Mfereji wa Bridgewater ulikuwa umeshusha bei ya makaa kwa karibu nusu tangu ulipofunguliwa mwaka 1761.

Mwanao asiisahau pamba yenyewe anapoorodhesha maliasili hizo. Haikuota Uingereza: sehemu kubwa ililimwa na watumwa, kwanza katika visiwa vya Karibiani, kisha kusini mwa Marekani.