Kompyuta imesema ni seli B, seli ya kinga ya mwili. Imejuaje?

Kwa nini mnasoma seli moja moja? Si zote zina DNA ileile?

DNA ni ileile, ila kila seli huwasha jeni zake kati ya takribani 20,000 zinazotengeneza protini. Tunahesabu nakala za RNA, yaani ujumbe unaotolewa na jeni zilizowashwa, ndani ya kila seli. Zamani tulisaga kipande kizima cha tishu tukapata wastani, na seli adimu zikamezwa humo. Mwaka 2018 usomaji huu uliibua ionositi kwenye njia ya hewa: seli haba mno, lakini ndizo zinazotumia kwa wingi CFTR, jeni ambayo ikiharibika huleta sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu ute mzito.

Modeli yangu, programu ya kompyuta iliyojifunza kwa hesabu hizo za RNA, inapatia aina za seli kwa asilimia 96. Mbona msimamizi wangu bado anadai ijieleze?

Ana haki kabisa. Chukua seli za damu. Modeli ikisema "seli B" kwa kuwa imeona jeni MS4A1 na CD79A, haina ubishi. Hizo ni alama zinazojulikana za seli B. Ikiwa imeegemea jeni za mitokondria, mitambo ya nishati ya seli, shtuka: zikizidi, mara nyingi seli ilikuwa inakufa. Jeni FOS na JUN nazo huweza kupanda kwa sababu tu tishu ilivurugwa wakati wa kutenganisha seli.

Baya zaidi ni hili: sampuli za wagonjwa zimesomwa siku moja, za wasio wagonjwa siku nyingine. Modeli itajifunza kutofautisha siku, nawe utashangilia kugundua ugonjwa. Asilimia haitakustua, maana seli za kujaribia zimebeba kasoro hiyohiyo. Nakusihi, seli za mtu mmoja zisiwe huku kwenye mafunzo na kule kwenye majaribio.

Nitumie SHAP, mbinu inayoipa kila jeni pointi za mchango wake katika jibu la modeli, au modeli inayojieleza yenyewe?

Mimi ningeanza na ya pili. Katika VEGA, modeli ya aina hiyo ya mwaka 2021, kila fundo la ndani limeungwa na jeni za njia moja inayojulikana, yaani kundi la jeni zinazofanya kazi pamoja, tuseme ya interferoni, protini za kupambana na virusi. Fundo likipanda, unajua ni njia ipi. Hasara yake, haioni kisichokuwamo kwenye orodha uliyoipa. SHAP inafaa pia, ila jeni zinazopanda pamoja hugawana pointi, na iliyo muhimu ikaonekana dhaifu.

Jeni 10 za juu ndizo zinazosababisha ugonjwa?

Hapana. Ndizo ambazo modeli ilizitazama, basi. Ifundishe upya mara kadhaa, kila mara ukianza na namba tofauti za nasibu. Zitakazobaki juu, zipeleke maabara, zizimwe kwa CRISPR, mkasi wa kuhariri jeni, muone seli itafanya nini.