Jibu: Dotel na timu 13, alikuwa mbovu?

Habari ndugu. Nimekuelewa: marehemu Octavio Dotel alichezea timu 13 za ligi kuu ya besiboli Marekani kati ya 1999 na 2013, na wewe unadhani alikuwa anatimuliwa kwa ubovu. Hapana, usimwonee.

Mimi nikifuatilia mrushaji wa akiba wa aina yake (anayeingia kumpokea mrushaji aliyeanza mechi), naanza na tarehe za kuhama, takwimu baadaye. Mwaka 2007, 2010 na 2011 alihamishwa mwishoni mwa Julai. Hapo dirisha linakaribia kufungwa, na timu zinazowania ubingwa husaka mkono wa kuingia mechi ikielekea ukingoni. St. Louis Cardinals walimchukua Julai 2011 kutoka Toronto, na msimu huohuo wakabeba World Series, yaani ubingwa wa ligi hiyo. Huyo alikuwa anagombaniwa!

Kisha angalia kiwiko. Alifanyiwa upasuaji 2005, na baada ya hapo mikataba yake ikawa ya mwaka mmoja au miwili tu, kwa hiyo kuhama hakukwepeki.

Uwezo wake utauona kwenye mechi ya Juni 11, 2003, akiwa Houston dhidi ya Yankees. Aliwapa wapigaji wanne striki tatu tatu (striki ni mrusho halali ambao mpigaji ameushindwa; tatu humtoa) ndani ya kipindi kimoja, wakati kawaida ni watatu, kwa kuwa watatu wakitolewa kipindi huisha. Mmoja alikosa striki ya tatu lakini mpira ukampita mdakaji, akakimbilia kituo cha kwanza salama; Dotel akarudi kumtoa mwingine.

Rekodi ya timu 13 ilivunjwa 2019 na mrushaji mwenzake Edwin Jackson, ambaye alitua St. Louis pamoja naye katika biashara ileile ya 2011.