Laptopu inauona mtandao lakini inakataa kuunganika

Dada yangu wa Shela, umesema laptopu yako ya mwaka 2013 inauona mtandao wa nyumba ya wageni, nywila ni ile ile, simu inaingia, ila yenyewe inagoma tangu ruta ibadilishwe. Usizilaumu kuta. Kweli mawe ya matumbawe ya Lamu huyameza mawimbi, lakini wewe unapata mawimbi kamili.

Kwanza ifute waifai hiyo kwenye orodha ya mitandao iliyohifadhiwa, kisha andika nywila upya, taratibu, ukiangalia herufi kubwa na ndogo. Laptopu hung'ang'ania mipangilio ya ruta ya zamani.

Ikikataa bado, nashuku ulinzi wenyewe wa waifai. Ruta mpya huenda imewekwa WPA3 pekee, aina mpya ya ulinzi wa waifai iliyotoka 2018. Laptopu yako inajua WPA2, iliyoitangulia. Mwombe mwenye nyumba achague WPA2 na WPA3 kwa pamoja kwenye mipangilio ya ruta. Ni suala la dakika chache, na simu za wageni hazitaathirika.

Tafadhali, asikurudishie WEP, ulinzi wa zamani zaidi, wala kuuacha mtandao wazi bila nywila. WEP ilishavunjwa tangu 2001, nawe unafanyia humo kazi za benki. Akikataa kabisa, tafuta adapta ya waifai ya kuchomeka kwenye USB inayokubali WPA3, lakini hakikisha kwanza una Windows 10 ya karibuni au 11.