Maswali yenu: vinanda vya kale na muziki wa leo

Wadau maswali yamekuja mengi, leo najibu manne.

Hapsikodi si piano tu ya zamani?
Hapana kabisa. Kwenye hapsikodi ukibonyeza kitufe kuna kijiti kinapanda na kipande cha unyoya kinadonoa uzi, ubonyeze kwa nguvu au taratibu sauti ni karibu ileile. Piano inapiga kwa nyundo, yani mkono wako ndo unaamua. Aliyeianzisha ni Bartolomeo Cristofori pale Florence, karibu mwaka 1700, na zake zimebaki 3 tu, ya 1720 ipo New York.

Napiga piano ya kawaida, fotepiano nitaiweza?
Utaiweza ila mwanzoni utateseka. Fotepiano ni piano za mwanzo mwanzo, na ile ya enzi za Mozart, mtunzi wa karne ya 18, fremu yake ni mbao, vitufe ni kama 61 badala ya 88, nyundo ni vijinyundo vimevikwa ngozi, na kitufe ukikigusa kidogo tu kishafika chini, sasa ukiingia na ule uzito wa mkono uliouzoea sauti inapasuka. Mimi siku ya kwanza nilikuwa napapasa pedali kwa mguu, kumbe kuna kibao chini ya vitufe unakiinua kwa goti! Nikaacha nyimbo zote, nikawa napiga noti moja nasikiliza inavyofifia, maana inafifia haraka sana, na hapo ndo nikaelewa vile vijimstari vya Mozart vya kuunganisha noti mbili mbili, kumbe kinanda chenyewe kinakusaidia kuvitamka.

Kwa nini mtu wa vya kale apige na muziki mpya?
Kwa sababu vyote vinakulazimisha usikilize upya. Mtunzi Ligeti mwaka 1968 aliiandikia hapsikodi kipande kinaitwa Continuum, noti zinakimbia mpaka sikio linashindwa kuzitenganisha. Mtunzi John Cage naye mwaka 1940 ukumbi ulikuwa mdogo hautoshi ngoma zake, akaamua kubana vitu katikati ya nyuzi za piano. Ukitaka kujaribu omba ruhusa kwanza, alafu kanyaga pedali ya kulia, tanua nyuzi kwa kitu laini, skrubu iingie polepole. Kinanda cha kale usikiguse kabisa hivyo, tafadhali.

Klavikodi inafaa ukumbini?
Klavikodi ni kinanda kidogo cha kale chenye sauti ndogo sana. Ukumbini hapana, mtu akinong'ona pembeni tu inamezwa. Ila kile kibati kinachogonga uzi kinabaki kimeugusa, kwaiyo ukitikisa kidole noti nayo inatetemeka, piano haiwezi hiyo. Ndo naipigia usiku wenzangu wakishalala.