LED ya 2700K au 6500K kwa krisanthemu?

SWALI: Nina kivungulio kimoja cha krisanthemu hapa Limuru. Nataka kutoa balbu za zamani za wati 100 niweke LED, maana stima imenilemea. Mwenye duka ananisukuma nichukue 6500K, ati ndio mwanga wa mchana. Kijana wangu amesoma kwenye intaneti kwamba 6500K ni ya majani na 2700K ni ya maua, kwa hiyo ninunue zote mbili na kubadilisha maua yakikaribia. Nifuate ya nani? – Mkulima, Limuru

JIBU: Chukua 2700K au 3000K, aina moja tu, na usibadilishe kitu. (Namba ya K hueleza rangi ya mwanga: ndogo ni wa njano, kubwa ni wa kibuluu.) Maua yakikaribia hutaweka balbu nyingine, utazima hizo ulizo nazo.

Krisanthemu hupima urefu wa usiku. Aina nyingi huanza kufunga vitumba pale giza linapozidi saa 10 na nusu hivi bila kukatizwa. Huku karibu na ikweta usiku ni wa takriban saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo mche ukiachwa bila taa huchanua ukiwa bado kimo cha goti, na shina la namna hiyo halina mnunuzi. Ndiyo sababu unawasha saa nne usiku na kuzima saa nane: usiku mmoja mrefu unageuka vipande viwili vifupi, mmea unaendelea kurefuka. Shina likifika sentimita 30 hadi 40, kulingana na aina uliyopanda, unazima kabisa. Kuanzia hapo giza ndilo linaloleta maua, na kwa kawaida unavuna baada ya wiki 7 hadi 9.

Ushauri alioupata kijana wako una mahali pake. Umetoka kwa watu wanaolima ndani ya vyumba visivyoona jua, hasa wakulima wa bangi wa Marekani na wa Kanada (huko Kanada zao hilo lilihalalishwa mwaka 2018). (Kwetu bado ni kosa, kwa hiyo tuyaache hayo.) Kabla ya LED walitumia taa za metali halidi, zenye mwanga wa kibuluu, kukuza majani, kisha wakahamia taa za sodiamu, zile za njano kama za barabarani, wakati wa maua. LED zilipokuja, mazoea hayo yakahamishiwa kwenye namba za K. Lakini hata bangi nayo hupima usiku, na kinachoifanya ichanue ndani ya chumba ni mkulima kurefusha giza hadi saa 12. Kule taa ni chakula cha mmea. Kwako chakula kinatoka kwa jua, balbu ni ishara tu, na ishara haihitaji mwanga mwingi.

Inahitaji mwanga mwekundu. Ndani ya jani kuna kemikali iitwayo fitokromu, na hiyo ndiyo saa ya mmea. Huamshwa zaidi na mwanga mwekundu wa nanomita 660 hivi. Wanasayansi wa Beltsville, Maryland, walionyesha jambo hili mwaka 1952 kwa mbegu za letasi: nyekundu iliziotesha, nyekundu ya mbali, ile ya nanomita 730 ambayo macho yetu huiona kwa shida, ikazizuia. Sasa, K inaeleza jinsi mwanga unavyoonekana kwa macho yetu sisi. LED nyeupe ni kijipande kinachotoa mwanga wa buluu kilichopakwa unga unaougeuza mwanga huo kuwa njano na nyekundu. Balbu ya 2700K imegeuza sehemu kubwa, ya 6500K imebakiza buluu nyingi. Wati zikiwa sawa, ile ya kwanza inakupa nyekundu zaidi. Ya 6500K haitashindwa kabisa, chini ya balbu utaona mimea iko sawa. Itakuangusha pembeni mwa tuta, mahali mwanga ni hafifu.

Na huko pembeni ndiko wakulima wengi wanapopotezea pesa, wakibishana juu ya rangi. Azima kipima lux (lux ni kipimo cha mwanga unaofika mahali), ingia usiku wa giza, kishike kwenye ncha ya mmea, katikati ya balbu mbili na kwenye kona ya mwisho ya tuta. Kwa balbu nyeupe usikubali chini ya lux 100 popote. Ukipata 150 umepona. Kona ikisoma 40, sogeza au ongeza balbu, hata kama katikati panang'aa. Ukija kununua zile balbu maalumu nyekundu usishtuke kipima kikisoma lux 10 au 12 tu, kwa sababu lux imeundwa kwa jicho la mtu na jicho letu linaiona nyekundu ile kwa shida. Mmea unaiona vizuri.

Jambo moja utaliona: globu za zamani zilitoa pia nyekundu ya mbali, ambayo hurefusha shina. Kwa LED nyeupe shina linaweza kuwa fupi kidogo, basi ongeza siku chache za taa kabla ya kuzima.

Kagua pia taima. Zile za kuzungusha kwa mkono husimama stima ikikatika, ikirudi zinaendelea pale zilipoachia. Kukatika kwa saa nane kunazipeleka taa zako hadi saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne asubuhi, usiku mzima ukabaki giza, na wewe umelala ukidhani mambo yako sawa. Usiku mmoja hauleti hasara kubwa, lakini kadhaa mfululizo vitumba vinafunga. Nunua ya dijiti yenye betri ndani. Balbu nazo ziwe na holda zisizopitisha maji, kwani dawa za kunyunyizia na unyevu wa kivungulio huua LED za bei rahisi mapema.

Ukishazima, zima kweli. Taa ya usalama inayomulika ukuta wa plastiki usiku kucha inatosha kuzuia maua kwenye safu za upande huo. Igeuze itazame nje.

Na kama unafikiria kuweka haiperikamu (ua linalouzwa kwa vitunda vyake) kwenye nusu ya kivungulio, kama majirani wengi wanavyofanya, itengenezee laini yake ya umeme na uitenge kwa pazia jeusi. Hiyo ni kinyume cha krisanthemu: inataka siku ndefu ndipo itoe maua na vitunda vyake, kwa hiyo itakuwa inahitaji taa wiki zile zile ambazo krisanthemu inahitaji giza.